Chupa ya Kundi la Tatu

Kisarawe,
14 Januari 2024

Mama yangu Bi Mwanamkuu,

Shikamoo. Ninaandika kwa sababu ulikataza kupigiwa simu. Ulisema sikio la kushoto halisikii, na ukiweka sauti kubwa Maili Moja nzima inazijua habari za nyumba yetu. Barua hii nimempa Kibwana wa canter ya mihogo. Ameapa hataifungua.

Leo ni siku ya saba tangu nilipokukabidhi Kudra umwachishe ziwa. Mimi mzima, ila kifua kimejaa na kinauma. Nakamua kwenye bakuli na kumwaga chini ya mgomba, pale ambapo hapapiti mtu, nisije nikayakanyaga maziwa ya mwanangu. Mwanao Hussen anasema ningepaka shubiri tu tukamaliza, mtoto asingetoka hapa. Nikamwambia mama amesema mtoto akiliona titi hawezi kulisahau, hata likiwa chungu. Akapanda juu ya paa la watu kuendelea kugonga misumari.

Kazi ya kambini inaendelea. Ni wale wanafunzi wa chuo waliokuja kuwachunguza mbega wa msitu wa huku. Ninawapikia chai asubuhi na wali mchana. Dada mkubwa wao anaitwa Yunis, ametokea kule Kanda ya Ziwa, hana majivuno. Mwaka huu nikijaliwa tutakipiga plasta chumba cha Kudra.

Mama, anakula? Analala? Akiamka anamwita nani? Mimi nimehesabu siku arobaini kama tulivyokubaliana, inaangukia tarehe kumi na sita mwezi wa pili. Mikono yangu ninaitunza kama ulivyonifundisha. Sijasahau siku ya uchumba uliponipa samaki kibua nimpare mbele ya mashangazi, ukaninusa vidole nilipomaliza, ukasema huyu anafaa.

Mkweo,
Hajra

*

Maili Moja, Kibaha
19 Januari 2024

Mama Kudra,

Marahaba. Barua imefika, inanuka mihogo lakini haijafunguliwa.

Mtoto mzima. Siku mbili za mwanzo alilia mpaka Seifu kinyozi akazima redio, akasema Bi Mwanamkuu huyo mtoto anauza sauti kuliko mimi. Sasa anakula uji, anakula ndizi, na mchuzi wa kibua anaukomba mpaka bakuli linang'aa. Akiamka anamwita yeyote aliye karibu.

Mchana tunashinda wote bandani. Nikiingia stoo kutoa samaki wa kukaanga ananifuata, kanishika kanga. Unaijua stoo yangu, haina dirisha, nimeiziba makusudi nzi wasipite. Jana ameniambia, "Bibi, samaki ana taa." Nikamwambia samaki hana taa, samaki ana macho. Watoto wana maneno. Usimwambie Hussen, atacheka bure.

Samaki wangu wanakwenda vizuri. Wenzangu hapa wanaosha kwa maji ya bomba, samaki wanalegea kama matambara. Mimi naletewa dumu la maji ya bahari kutoka soko la Feri, nayamimina kwenye ndoo kubwa, samaki wanalala humo na barafu kidogo. Maji yakipungua naongezea juu, simwagi. Maji ya bahari hayachachi. Ndiyo siri yangu, na wewe nimekupa kwa sababu ni mkwe.

Ila tumbo linanisokota wiki hii. Nitumie unga wa ule mzizi wa bibi yako. Na uweke kwenye kitu kisafi, siyo kama mara ile ulipoweka kwenye mfuko uliobeba sukari ukaja na sisimizi. Unanijua mimi ni mtu wa kinyaa. Nikikuta unywele kwenye wali, siku hiyo sili mpaka kesho yake.

Mama yako,
Mwanamkuu

*

Kisarawe,
25 Januari 2024

Mama,

Shikamoo. Pole sana na tumbo. Unga nimeutwanga mwenyewe na kuuchekecha mara mbili. Nimeuweka kwenye chupa ndogo ya kambini, mpya, yenye kifuniko cha kusokota, haijawahi kuingiwa na kitu chochote. Kijiko asubuhi, kijiko jioni, na maji ya uvuguvugu.

Chupa nimeifunga kitambaa, nimekishona kabisa na uzi kisitoke. Ni kipande cha kanga yangu ile ya kijani. Unga ukiisha kifumue umpe Kudra alalie, nimekivaa siku tatu bila kufua ili kiwe na harufu yangu.

Hiyo taa ya samaki ni taa gani? Kudra hana kawaida ya kusema uongo, hajafika umri huo.

Mkweo,
Hajra

*

Maili Moja
31 Januari 2024

Hajra,

Leo sikuiti mama wa mtu.

Unga wako nimekunywa siku tatu, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Kudra alikuwa anaharisha kidogo, nikamlambisha kwenye ncha ya kidole. Jana ukaisha. Nikasema kichupa hiki kizuri, nikioshe nitilie iliki. Nikakata uzi, nikatoa kitambaa, nikavaa miwani.

Chupa ina karatasi imebandikwa ubavuni. Imeandikwa: MBEGA. KUNDI LA TATU. KINYESI. 26/1. HAJRA.

Mwandiko ni wako. Hiyo H yenye mkia naijua, ninayo hapa mezani kwenye barua zako zote.

Nimetapika mpaka nyongo. Nimetapika mbele ya wateja. Nimemsugua mtoto ulimi kwa kitambaa na chumvi mpaka akaniuma kidole, na hakuelewa kosa lake. Nimekunywa maji ya ndimu, nimekunywa mkaa wa kusaga, bado nikimeza mate nakisikia kinashuka. Kinyesi cha ngedere kingekuwa afadhali, lakini mbega, mnyama mwenye uso kama wa mzee wa msikitini.

Kitambaa sijampa. Nimekiweka juu ya kabati.

Nijibu jambo moja tu. Nimekunywa nini?

Mwanamkuu

*

Kisarawe,
3 Februari 2024

Mama yangu,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Umekunywa unga wa mzizi. Wallahi ni mzizi, hakuna kingine. Chupa ilikuwa mpya. Kosa ni karatasi, na karatasi ni yangu, na sasa lazima nikwambie kwa nini mkweo ana karatasi za namna hiyo.

Mimi kambini sipiki. Wiki ya kwanza nilipika, kweli. Kisha Yunis akatafuta mtu wa kuokota kinyesi cha mbega. Vijana wawili walijaribu, mmoja alikwenda siku moja, wa pili hakumaliza asubuhi. Yunis akaniuliza mimi nikiwa nakoroga uji, akasema Mama Kudra wewe umelea, utaweza. Nikasema nitajaribu.

Kazi yenyewe iko hivi. Tunaingia msituni alfajiri, kabla mbega hawajaamka. Tunasimama chini ya mti waliolala. Jua likigusa matawi ya juu wanajinyoosha, wanakaa wameelekeza matumbo kwenye jua, halafu Mama, wote kwa pamoja, wanajisaidia. Kunaanguka kama mtu amemwaga kikapu cha kunde zilizopikwa. Na mkojo. Harufu yake ni ya majani yaliyochacha, kama togwa iliyosahaulika wiki nzima mvunguni. Siku ya kwanza nilitapika nyuma ya mti. Siku ya pili donge limeniangukia begani, likateleza likaingia ndani ya blauzi, nikalia, na Yunis naye akalia kwa kucheka. Navaa glavu, navaa barakoa, nachota kwa kijiti, natia kwenye chupa, chupa moja kwa mbega mmoja. Nikitoka huko navua nguo zote mlangoni, naoga kwa sabuni mara mbili, natia udhu, ndipo nashika sufuria.

Karatasi naziandika nyumbani jioni wakati wali unaiva, nazibandika kabisa kwenye chupa tupu ili asubuhi nisipoteze muda. Ile uliyopata ilikuwa ya kesho yake. Nilikuwa nakufungia dawa huku namwaza Kudra, nikachukua chupa iliyo karibu, nikazungusha kitambaa. Basi.

Utauliza kinyesi cha kazi gani. Yunis anasema humo wanaona mbega amekula nini, ana minyoo gani, na nani ni mtoto wa nani, bila kumkamata wala kumpiga risasi ya usingizi. Wamebaki wachache. Msitu umekatwa mkaa pande zote, wao hawashuki kwenda kutafuta mwingine. Kundi la tatu walikuwa kumi na mmoja nilipoanza. Sasa ni tisa.

Sikukwambia kwa sababu ya ile siku ya kibua. Uliponusa vidole vyangu. Niliogopa ukijua, utavinusa tena.

Jambo moja nimeliona huko nataka ulijue. Mtoto wa mbega anazaliwa mweupe kama pamba, mama yake mweusi. Akizaliwa, mashangazi na bibi wanampokea, huyu anambeba, yule anambeba, mama anapumzika anakula majani. Halafu wanamrudisha.

Mama, naomba usinichukie. Naomba tarehe kumi na sita ibaki pale pale.

Mkweo,
Hajra

*

Maili Moja
9 Februari 2024

Hajra,

Mbega wanamrudisha mtoto. Vizuri. Mimi si mbega.

Nimekubali kwamba ni mzizi, kwa sababu nilikunywa ule ule mwaka juzi na uchungu wake naukumbuka. Lakini moyo haujakubali. Usiku na mchana nauona mkono wako umeshika kijiti. Mkono huo utamlisha mjukuu wangu ugali? Utampenga kamasi? Utaosha na sabuni, sawa, lakini utaosha na macho yangu pia?

Nimeishi miaka sitini na moja bila kugusa uchafu wa mnyama wa porini. Mama yangu alikuwa hivyo, na mama yake. Watu wa hapa wananunua kwangu kwa sababu wanasema kwa Bi Mwanamkuu pasafi. Leo nikisikika mkwe wangu anadaka mavi ya mbega kwa blauzi, nani atakula samaki wangu?

Kudra atakaa hapa mpaka utakapoiacha kazi hiyo. Ukiiacha, niandikie, nitamleta mwenyewe. Usipoiacha, basi mimi nimelea wanne, wa tano hanishindi. Na Hussen mwambie nimesema hivyo, na nimemshangaa kuficha.

Mtoto hajambo. Ameacha kukutaja.

Simpeleki stoo tena. Kuna mambo huku yananisumbua, siyo ya kuandika.

Mwanamkuu

*

Kisarawe,
18 Februari 2024

Mama,

Shikamoo.

Tarehe kumi na sita imepita. Nilikuwa nimefua shuka zake. Nimezikunja tena.

Barua hii ni ya pili. Ya kwanza niliichana. Nitakwambia kilichokuwamo, kwa sababu sitaki tena kukuficha kitu.

Kibwana aliporudi Jumatatu nilimuuliza habari za huko, akasita, nikamlazimisha. Amesema wateja wamepungua bandani kwako. Amesema Seifu kinyozi anawaambia watu, "Umeme ukikatika tukaazime kibua kwa Bi Mwanamkuu." Amesema mwanamke mmoja alinunua vibua vibichi, akaviweka chumbani gizani, akaona vinawaka rangi ya bluu, akavirudisha huku anasoma Ayatul Kursiyy. Na kwamba wewe unafukiza ubani stoo asubuhi na jioni, na umeita mtu wa kusoma.

Hussen aliposikia akasema, "Mwandikie. Mwambie asafishe kwake kwanza ndipo anuse vidole vya watu." Nikaandika hivyo hivyo, kurasa mbili, nikajisikia vizuri mpaka nikafika mwisho. Halafu nikakuona uko peke yako kwenye giza lile na chetezo, unaogopa. Nikaichana. Mtoto wangu simtaki kwa njia hiyo.

Nimemuuliza Yunis. Sikumtajia jina lako, nimesema mtu ninayemheshimu. Kasema si jini na si sumu. Ni bakteria wa baharini, kidudu kidogo kisichoonekana, kinakaa kwenye ngozi ya samaki na kwenye maji ya chumvi. Kikiwa kimoja hakiwaki. Wakijazana sana, wanawaka. Kudra alikuwa amesema kweli, na alikuwa wa kwanza kuona.

Mama, wamejazana kwa sababu ya dumu. Yale maji unayoyaongezea bila kumwaga ndiyo nyumba yao, wanazaana humo tangu sijui lini. Chumvi wanaipenda. Maji ya bomba yanawapasua. Yunis anasema mwaga yote, sugua ndoo, osha samaki kwa maji baridi yasiyo na chumvi, barafu iwe nyingi. Ukimkaanga samaki wanakufa, na taa yenyewe haimdhuru mtu. Lakini taa inakwambia kwamba samaki amekaa na maji yamechoka. Kuhusu tumbo lako hakutaka kusema lolote, amesema nenda zahanati wakupime. Naomba uende.

Jioni ile tulikaa tunabandika karatasi, nikamuuliza, kati ya mbega na hicho kidudu, Mungu amempendelea nani? Akacheka. Akasema, tuwapime, nasi tukawapima. Mbega tunawajua mmoja mmoja, yule mwenye sikio lililochanika, yule mama wa mtoto mweupe, na asubuhi nikisema kundi la tatu leo ni wanane Yunis hanywi chai. Kidudu, kwenye kibua mmoja wamo wengi kuliko watu wa Pwani nzima, na hakuna hata mmoja atakayeliliwa. Mbega ana watu wamevaa fulana zenye picha yake. Kidudu kina watu wanaokifukizia ubani kiondoke. Mbega analindwa na askari wa msitu na bado anakwisha. Kidudu kinauawa kila siku kwenye mafuta yako ya moto na hakiishi.

Nikasema basi kidudu kimeshinda. Yunis akasema, ngoja. Kitoe kwenye chumvi yake ukitie kwenye kikombe cha maji ya kunywa, kinapasuka. Na mbega mtoe kwenye miti yake, anakufa. Kila mmoja ana sehemu yake moja tu. Halafu akaniambia jambo ambalo bado linanizunguka kichwani. Tumboni mwa mbega wamo bakteria wengine, wa kwao, ndio wanaomchachushia majani. Bila wao angekufa na njaa tumbo likiwa limejaa. Ile harufu ya togwa iliyonitapisha ni yao. Kwa hiyo huyo mnyama anayelindwa kwa bunduki, anayemlisha ni kidudu cha kutia kinyaa.

Sitakudanganya kwamba kinyaa kimeniisha. Bado asubuhi natia pamba yenye karafuu puani. Lakini nakwenda.

Kazi siiachi, Mama. Na mtoto wangu namtaka. Nimefikiri nichague kimoja, nimeshindwa, sijui kama ni ukaidi. Nataka Kudra akiwa mkubwa akute mbega msituni, niweze kumwonyesha yule mwenye sikio lililochanika, nimwambie huyu nilimpandia mlima kila siku. Kifua kimekauka tayari. Hana tena cha kulilia kwangu ila mimi mwenyewe.

Barua hii hajaisoma Hussen. Habari za dumu sijamwambia mtu wa huko wala wa huku.

Mkweo,
Hajra

*

Maili Moja
1 Machi 2024

Mama Kudra,

Marahaba.

Barua yako ilinikasirisha siku nne. Nilisema kitoto hiki nilichokifundisha kupara samaki leo kinanifundisha maji. Siku ya tano nikafunga banda mchana, nikaingia stoo, nikafunga mlango nyuma yangu, nikainamisha ile ndoo kubwa.

Nitakuandikia kama ilivyokuwa, wewe umeniandikia ya blauzi. Juu maji yalikuwa maangavu. Ndiyo yaliyonidanganya. Chini kulikuwa na utelezi, mzito, unavutika kama kamasi ya mtu mwenye mafua, na magamba ya tangu mwaka jana, na kichwa cha dagaa mmoja sijui aliingiaje. Nilipouvuruga, harufu ilinipiga nikashika ukuta. Na ukawaka. Nilipotoa mkono ulikuwa unawaka mpaka hapa kwenye kifundo, kila kidole, hata pete. Nikautazama mkono wangu mwenyewe nikataka kuukata niutupe.

Mlango ukasukumwa. Kudra. Nikasema toka, usinisogelee, bibi mchafu. Hakutoka. Akaja akaushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili, akausugua mashavuni kwake, mashavu yakawaka, akasema, "Bibi, na mimi nina taa."

Mimi ndiye niliyemsugua ulimi kwa chumvi kwa sababu ya karatasi.

Nikamtoa nje bombani. Nikamwosha uso, nikaosha mikono, maji matupu. Nikarudi naye gizani kutazama. Imezimika yote. Huyo Yunis wako anajua anachosema.

Ndoo nimeisugua kwa mchanga na majivu, nikaianika jua siku mbili, na sasa sitii humo kitu cha kuliwa. Dumu nimempa Seifu awekee mafuta ya taa, kaniuliza, "Halitawaka lenyewe?" Nikamwambia wewe nyoa watu. Wateja wawili wamerudi. Zahanati nilikwenda, wamenipa dawa, tumbo limetulia. Waliniuliza nilikuwa nakula nini, sikuwaambia habari za mzizi wala za chupa.

Sasa nikwambie langu, kwa sababu wewe uliichana barua ile. Nilikuandikia kwamba mtoto ameacha kukutaja. Ni uongo. Anakutaja kila jioni. Jioni ya siku ile niliyokuandikia habari za chupa, alipolia tu nilikishusha kitambaa chako juu ya kabati nikampa. Analala amekiweka puani. Kimeshapoteza harufu na bado ananusa. Nilikuwa namtazama na kujiambia huyu mtoto ananusa mikono ambayo mimi naikataa. Nikakuficha. Nilikuwa sitaki umpate upesi, hilo ndilo lililokuwapo, kinyaa kilikuwa juu yake tu. Nyumba hii imekuwa kimya tangu Hussen alipooa.

Jumamosi ijayo namleta, kabla ya Ramadhani, nami nitakaa mpaka mwandamo. Ukitoka huko msituni vua nguo mlangoni kama ulivyosema, oga mara mbili, usimkimbilie hata akikuita. Ukimaliza ndipo umshike. Sitakunusa vidole. Lakini kuniambia nione raha na kazi hiyo, hapana, nikiiwaza tu nasikia mate yanajaa. Nitakupikia, utakula, na utanisimulia habari za huyo mtoto mweupe tukishamaliza kula, siyo katikati.

Kichupa chako kimetangulia na Kibwana pamoja na barua hii. Nimekwangua maandishi yako kwa kisu nikabandika karatasi yangu. Ndani nimetia vijiko viwili vya ndoo ile kabla sijaimwaga, mpe Yunis, naye aone kwamba huku Kibaha nasi tunavyo vya kuchunguza. Mfunge dirisha, mkitikise kidogo, ndipo kinawaka. Kikiwa kimezimika njiani, basi msome karatasi, mwandiko ni wangu:

KIBUA. KUNDI LA MAILI MOJA. UTELEZI. 23/2. MWANAMKUU.